Sauti Yangu Iliporudi Kutoka Kahama

Mwanzoni mwa Machi 2022 wifi yangu anayeishi Kahama alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde 38, na chini yake akaandika: "Wifi, huyu anayesema hapa si wewe? Mimi jana nimeshamwaga dagaa wote niliokuwa nao ndani." Niliusikiliza nikiwa nimesimama kando ya chanja za kukaushia dagaa hapa Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Alikuwa ni mimi kweli. Nyuma ya sauti yangu ilisikika injini ya mtumbwi na mvua ikipiga bati, na lafudhi yangu ya Kisukuma, ambayo hukolea ninapokasirika, ilikuwa wazi kiasi kwamba hata asiyenijua angeamini kuwa anayezungumza yuko ziwani hasa. Juu ya ujumbe palikuwa na mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huiweka kwenye ujumbe uliokwisha kusambazwa mara tano au zaidi tangu ulipotoka kwa mwenyewe. Maneno niliyokuwa nimewaambia wanawake 43 wa kundi la WhatsApp la mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi inapofikia kushusha samaki, kwa ajili ya asubuhi moja, yalikuwa yametembea miezi minne.

Wanaotuonya kuhusu kusambaza taarifa mara nyingi huzungumza kana kwamba mwanzilishi wa uvumi ni mtu mwenye nia mbaya aliyejificha mahali. Mimi nilianzisha mmoja bila nia hiyo, na ndani ya niliyoyasema ukweli ulikuwemo. Ndiyo maana nimeona niandike jinsi ilivyokuwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 9 Novemba 2021. Mwezi ulikuwa bado mchanga na mitumbwi ilikuwa imerudi alfajiri na mzigo mzuri, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishakuwa kali wavuvi wengi hupumzika. Tulinunua kwa ndoo, tukaanika. Wachache wenye chanja walianika juu ya chanja, na sisi wengine, ambao wakati huo hatukuwa na chanja za kutosha, tukaanika mchangani kama mama zetu walivyofanya. Kabla ya saa nne mvua ikashuka. Dagaa aliyekauka nusu akilowa haponi: hubadilika rangi, hulegea, na kufikia jioni ameshaanza kutoa harufu ya uchachu. Kinachofaa ni kumuuza kwa wenye kutengeneza chakula cha kuku, na kukubali hasara. Siku hiyo mfanyabiashara mmoja aliwakusanya waliolowa, akawachanganya na wakavu wa jana yake, akajaza magunia na kuyapakia garini kuelekea soko la Mwaloni, Kirumba. Niliona kwa macho yangu. Nilitoa simu, nikabonyeza, nikasema kwa hasira.

Sehemu yenye uzito katika sekunde hizo 38 ilikuwa hii: "Jamani, msinunue dagaa wa leo. Wamelowa, wamechanganywa, na ukila hiyo ni sumu. Mwambie na mwenzako." Baada ya kama dakika 40 hasira iliposhuka nilifuta ujumbe kwa wote, nikaridhika kwamba nimeumaliza. Sikujua kwamba kufuta huondoa nakala iliyo katika kundi ulikoutuma tu, na kwamba kila aliyekwisha kuuchukua na kuupeleka kwingine anabaki na nakala yake ambayo mkono wangu haufiki.

Baada ya wifi kunitumia ujumbe ule, nilifanya jambo ambalo limenifundisha kuliko mengine yote: niliamua kuufuata ujumbe kinyumenyume. Nilimuuliza wifi nani alimtumia. Mwenyekiti wa kikoba chao. Nikampigia mwenyekiti, nikajitambulisha, nikaomba radhi kwa usumbufu, nikauliza naye alitumiwa na nani. Dada yake, mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu alitumiwa na mzazi wa mwanafunzi, mzazi na shemeji yake wa Shinyanga mjini, na shemeji aliupata katika kundi la kwaya. Ilinichukua karibu wiki mbili, kwa kuwa wengine walikuwa hawapokei namba wasiyoijua, na mmoja alinifikiria tapeli. Nilifika kwa watu tisa, kisha njia ikakatika kwa kijana mmoja aliyekuwa amebadilisha simu na kupoteza mazungumzo yake yote.

Upande wa huku nilianza na wenzangu wa Kayenze, na hapo sikuhangaika sana. Mama mmoja wa kundi letu alikiri mara moja. Alikuwa ameituma sauti yangu kwa binti yake aliyepanga chumba mjini Mwanza, kwa sababu binti huyo hupika dagaa karibu kila siku, na mama aliogopa. Binti akawatumia wenzake wawili waliokuwa wakichangia chungu kimoja. Mmoja wa hao akaituma nyumbani kwao Magu.

Nilipokuwa nikiwapigia simu nilikuwa nimejiandaa kukutana na watu wapenda umbeya. Sikukutana na hata mmoja. Nilikutana na mama aliyemwonya binti yake, mke aliyemwonya mama mkwe, mwalimu aliyewaonya wazazi, na mwanakwaya aliyewaonya wenzake wanaokula pamoja baada ya mazoezi. Kila mmoja, nilipomuuliza kwa nini aliutuma, alinitajia mtu. Hakuna aliyesema alitaka dunia ijue. Walisema "nilimwonea huruma fulani" au "fulani ana watoto wadogo". Sisi tunaoutazama ujumbe ukiwa umeshaenea huona umati, lakini anayebonyeza anamwona mtu mmoja anayemlisha au anayelishwa naye. Na aliyepokea haulizi ujumbe umetoka wapi kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake umetoka kwa mama yake. Uaminifu wote ulioibeba sauti yangu hadi Kahama haukuwa wangu. Niliazima wa watu ambao wengi wao sitawaona maishani.

Kuna jambo jingine nililoliona kwa kulinganisha nakala nilizoomba kila mtu anirudishie. Sauti haikubadilika, maneno yaliyoandikwa chini yake ndiyo yaliyobadilika. Katika kundi la kwaya mtu alikuwa ameuliza: "Kuna watu wamelazwa?" Lilikuwa swali zuri, swali la mtu makini. Hatua mbili mbele liliandikwa upya na mwingine bila alama ya kuulizia: "Kuna watu wamelazwa." Lugha yetu hairuhusu uzembe huo, kwa sababu swali na jibu hupangwa kwa maneno yale yale, na mtu akizungumza hutofautisha kwa sauti, akiandika hana kingine ila alama ile ndogo. Baada ya hapo ikawa "wamelazwa wawili," na ilipofika kwa mwenyekiti wa kikoba ilikuwa "wamelazwa, daktari amethibitisha." Hakuna aliyelazwa. Hakuna daktari aliyeulizwa. Na simwoni mtu katika mnyororo huo ambaye ningeweza kumnyoshea kidole nikasema wewe ndiwe uliyetunga, kwa sababu kila mmoja aliongeza kidogo kile alichodhani kimeshajulikana.

Lakini makosa yaliyoupa ujumbe uhai mrefu yalikuwa yangu, na lililo kubwa kuliko yote lilikuwa neno "leo." Ukiutuma ujumbe wa mtu mwingine kwenye WhatsApp, saa na tarehe anayoiona mpokeaji ni ya wewe uliyemtumia. Jina la aliyeusema kwanza halionekani, wala siku aliyousema. Kwa hiyo "leo" yangu ya Novemba 9 ilizaliwa upya kila ilipobonyezwa: ilikuwa leo mwezi Desemba kwa shemeji wa Shinyanga, ikawa leo mwezi Februari kwa mwalimu, ikawa leo mwezi Machi kwa wifi yangu. Taarifa yenye tarehe huzeeka, na mtu akiisikia baada ya miezi minne huiacha. Yangu haikuwa na namna ya kuzeeka. Sikutaja hata mwalo, kwa kuwa wote niliokuwa nikiwaambia tulikuwa tumesimama mahali pamoja, na hivyo ujumbe uliotoka Kayenze ulimfaa mtu yeyote anayekula dagaa wa popote ziwani.

Neno la pili lilikuwa "sumu." Dagaa waliolowa ni wabaya, wanaweza kuharibu tumbo, lakini sikuwa na haki ya kusema sumu, na neno hilo lina historia katika ziwa letu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya hofu ya viuatilifu ambavyo baadhi ya wavuvi walikuwa wakivitumia kuulia samaki. Wazee wa mialo wanaikumbuka, na walioajiriwa kwenye viwanda vya sangara wanaikumbuka zaidi. Uvuvi wa sumu ulikuwepo. Kwa hiyo mtu wa kanda hii akisikia "sumu" na "samaki" katika sentensi moja, hasikii jambo geni asilojua pa kuliweka. Tayari ana mahali pake moyoni. Uvumi haukuhitaji kujenga nyumba, ulikuta imejengwa.

Na la tatu ni "mwambie na mwenzako." Ukimpa mtu habari na amri kwa pamoja, na amri yenyewe ikiwa ya kuwajali wenzake, ataona kukaa kimya ni dhambi.

Niliposimulia haya kwa mpwa wangu, ambaye alikuwa akisomea uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, alinieleza kuhusu uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science na watafiti watatu, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral. Walifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa kwenye Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, wakaona kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na kwamba habari ya kweli ilichukua muda wa karibu mara sita kuwafikia watu 1,500. Walichunguza pia akaunti zinazoendeshwa na mashine, wakakuta tofauti hiyo haikuletwa na mashine bali na binadamu. Watu walivijibu vitu vya uongo kwa mshangao, hofu na karaha. Mpwa wangu alisema, "Shangazi, wewe uliwapa yote matatu kwa sekunde 38." Iliniuma, na alikuwa sahihi.

Yeye ndiye aliyenieleza pia kuhusu vizuizi. WhatsApp ilianza kupunguza idadi ya mazungumzo unayoweza kuyatumia ujumbe kwa mara moja hadi matano nchini India mwaka 2018, baada ya watu kuuawa na makundi yenye hasira kwa sababu ya uvumi wa utekaji wa watoto uliokuwa ukienea kwa simu. Januari 2019 kikomo hicho kikawekwa dunia nzima, na Aprili 2020 ujumbe wenye mishale miwili ukaruhusiwa kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Nilishangaa, kwa nini basi wangu haukuzuilika? Hesabu ilinijibu. Wakati huo kundi moja liliweza kuwa na watu 256, na makundi matano yaliyojaa ni watu 1,280 kwa mbonyezo mmoja. Halafu mwanakwaya aliyeipeleka katika kundi la kwaya hakuwa amesambaza chochote kwa maana hiyo: mwenzake alimsikilizisha sauti kwenye simu yake, na yeye akairekodi upya kwa simu yake mwenyewe, kwa kuwa bando la mwenzake lilikuwa limekwisha. Nakala ya namna hiyo ni ujumbe mpya kabisa. Mishale hupotea, hesabu huanza tena sifuri.

Hasara niliiona kwenye magunia. Mteja wangu wa Kahama aliyekuwa akichukua magunia manane kwa mwezi alichukua mawili mwezi Machi, na wenzangu ambao hawakusema neno lolote walipoteza kama mimi. Mfanyabiashara aliyechanganya dagaa aliuza mzigo wake wote siku ileile. Niliogopa pia sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha taarifa akijua kuwa ni ya uongo, na ingawa mimi niliamini niliyoyasema, usiku sikulala vizuri.

Tulikaa kikao tukaamua kukanusha. Tuliandika barua ya ukurasa mzima, afisa uvuvi akatusaidia lugha, tukaipiga picha na kuituma kila mahali. Ilikufa. Katika simu yangu haikurudi hata mara moja, wakati sauti ya kwanza ilikuwa bado inarudi. Herufi zilikuwa ndogo, ndiyo, na mtu mwenye simu ya kioo kilichopasuka hawezi kusoma ukurasa. Lakini kosa lilikuwa zaidi ya hapo. Barua ilianza kwa kumwambia msomaji kwamba amedanganywa. Hakuna anayetuma zawadi ya namna hiyo kwa mama mkwe wake. Tena kwa kukanusha sumu tulilazimika kuitaja sumu, na watu wa Sengerema ambao hawakuwa wamesikia lolote walianza kutuuliza, "Sumu gani?"

Hapo nikakumbuka wale watu tisa na majibu yao. Walikuwa wametuma kwa sababu ya kumjali mtu. Basi tuwape kitu kingine cha kumjali nacho. Mei 2022 nilirekodi sauti nyingine ya sekunde 40, nikaanza hivi: "Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Mei 2022, niko mwalo wa Kayenze, Ilemela." Sikutaja sumu wala uvumi. Nilieleza jinsi ya kumchagua dagaa mzuri: ang'ae kama fedha, ukimkunja avunjike na asipinde, ukimnusa anuke samaki na si uchachu, na ukimsugua kiganjani asiache mchanga; mwenye rangi ya manjano iliyofifia au utando mweupe muache, huyo alilowa. Kisha niliwapigia watu tisa mmoja mmoja. Sikuwaomba waseme walikosea. Niliwaomba tu wamtumie sauti hii mtu yuleyule waliyemtumia ile ya kwanza. Sita walikubali. Wawili walisema watafikiri, na mmoja, mwenyekiti wa kikoba, alikataa kwa upole kwa sababu alikuwa amewatangazia wanachama 30 kwa uhakika na asingeweza kuonekana anageuka. Nilimwelewa. Aibu ya mtu mzima mbele ya watu anaowaongoza ni kitu kizito, na ninaamini ndiyo inayoua masahihisho mengi kuliko ubishi. Wiki tatu baadaye aliituma, bila maelezo yoyote.

Siwezi kusema imewafikia wangapi. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kati ya anayetuma na anayepokea, na hakuna kaunta ya kuutazama. Ninachojua ni kwamba ilirudi kwangu kutoka Bukoba, kutoka Tabora, na kutoka kwa mama mmoja wa Misungwi aliyeuliza bei. Mteja wa Kahama alifika magunia sita kufikia Agosti. Ile ya kwanza haikufa. Kila mvua za vuli zikianza huibuka tena mahali, kwa kuwa "leo" yake bado ni mbichi, na wenzangu hunipigia kunijulisha kama wanavyonijulisha kuhusu mgeni aliyefika nyumbani nikiwa sipo.

Novemba iliyopita nilikuwa Mwaloni nikishusha magunia. Kijana mmoja mnunuzi kutoka upande wa Geita, mwenye adabu zake, aliniona nikitazama dagaa wa jirani yangu, akanisogelea. "Mwangaluka mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, "kabla hujanunua hao, sikiliza hii." Akaweka simu karibu na sikio langu. Nilisikiliza hadi mwisho, injini, mvua na yote. Aliitazama simu, akanitazama, akaitazama tena simu. Sikumkemea. Nilimuuliza ameshamtumia nani.

"Mama yangu, Katoro," alijibu. "Asubuhi hii."

Nilimwomba tukae kivulini. Nikamvunjia dagaa wawili kiganjani mwake, mmoja mkavu na mmoja aliyewahi kulowa, akanusa wote wawili. Kisha tukamrekodia mama yake ujumbe pamoja, yeye akaanza kwa kutaja siku, tarehe na mahali tulipokuwa, na mimi nikaendelea.